Chef ya Kipoyi ya Kalembe

Muntu akifika Kalembe akauliza chef ya kipoyi ni nani, wanamuonyesha mwanamuke mufupi, bidon mbili ya maziwa ku mikono, botte ya plastiki ku miguu, na yeye anacheka. Asicheke. Mutesi hapendaka ile kicheko. Siku moja Papa fulani ya projet alishuka mu jeep, akasema: "Hapana Mama, mimi ninatafuta chef mwenyewe." Mutesi akaweka bidon chini, akamuangalia tangu ku viatu mpaka ku miwani, akamwambia: "Papa, lala mu kipoyi hii, tukupandishe kilima ile pale. Ukifika juu, utaniambia kama chef umemuona ao bado." Papa akarudi mu jeep yake, akafunga kioo.

Kipoyi, kama hauijui, ni kitanda ya kubebea wagonjwa: miti mbili ndefu, kamba ya kufuma katikati, wanaume wanaweka ku mabega wanaenda. Watu ya mulima wenye kusema Kinyarwanda wanaiitaka ingobyi. Usifikiri ni kitu ya zamani. Mvua ikinyesha Kalembe wiki mbili, jeep inabakia Goma, pikipiki inazama mpaka ku tanki, na mugonjwa anabakia na mabega ya watu. Mabega haizami.

Kipoyi ya Kalembe inatundikwaka ku ukuta ya foyer. Foyer iko katikati ya quartier, nyumba ya watu wote, ya mbao na mabati, si kubwa. Lakini ingia ndani siku yoyote. Kona moja wamama wanashona. Kona ingine Mama Colette anafundisha watu wazima kusoma, na anawapigia kelele sawa vile watoto. Ku dirisha kuko plaque solaire, na simu ishirini inakula moto pale. Ijumaa wazee wanakaa kumaliza maneno ya mashamba, na ya ng'ombe iliyokula mihogo ya muntu. Wanatoka pande mbili, kwa sababu Kalembe iko ku mupaka: nyuma yako milima ya Masisi na ng'ombe yake, mbele yako pori ya Walikale. Watu ya mulima wanakunywa maziwa, watu ya pori wanakula nyama ya mutego, na kila upande unaona ule mwingine hajui chakula. Ku foyer wanakaa ku banc moja. Wanachekana vibaya, wanatukanana, lakini ku banc moja.

Mutesi alizaliwa kule mulimani, kwa Papa Védaste, muntu ya ng'ombe kumi na ine. Vita ikakula ng'ombe yote. Familia ikakimbia mpaka Mubambiro, pale karibu na Sake, wakalala chini ya bâche, turubai ya plastiki, kando ya kambi ya waaskari. Waliporudi, kilima yao ilikuwa na watu wengine, wakajishikiza ku kilima ya wageni. Pale njo mama yake, Mukabaranga, alishikwa na tumbo. Sasa, kila kilima iko na ingobyi yake, na kila ingobyi iko na wanamemba yake. Papa Védaste akaenda kupiga hodi. Wakamuuliza: "Muko wanamemba?" Hawakuwa. Wale wanaume hawakuwa wabaya. Walisema tu angoje président ya ingobyi atoke ku shamba. Président alitoka ku shamba saa kumi. Mukabaranga alikufa saa tisa.

Mutesi alikuwa na miaka kumi na saba. Hakulia mbele ya watu. Alikasirika, na mpaka leo hajamaliza.

Ile kasirani njo ilimufikisha ku foyer. Wakati ule alikuwa anauzisha maziwa Kalembe, na siku moja aliingia mu mukutano ya quartier, bidon ku mikono, akakuta watu wanajadiliana rangi ya mulango. Akawaka. "Foyer bila kipoyi ni ya kazi gani? Ya kuchaji simu? Muntu akigonjwa tutamufunga ku plaque solaire?" Watu wakacheka, wengine wakakasirika. Nyuma kabisa alikuwa amekaa muntu ya pori, Benoît, mulimaji na mwenye mitego wa upande wa Buleusa, alikuja kuuzisha vitunga, vikapu yake. Mikono yake ilijua kila kamba ya pori. Akasema: "Mama ya maziwa, kelele yako inanimaliza masikio. Leta bambu. Kamba, mimi niko nayo."

Mutesi akashusha bambu kutoka mulimani, Benoît akaleta kamba kutoka porini. Siku tatu walifanya kazi mu uwanja ya foyer, kila mumoja anamwambia mwenzake hajui kazi. Siku ya tatu kipoyi ilikuwa tayari, na Mutesi akasimama mbele ya quartier akasema neno moja ambalo alikuwa nalo mu tumbo tangu zamani: "Hii haina wanamemba. Ukigonjwa, uko ndani."

Benoît naye akaweka sheria yake. Kwao, kitu unachoweka chini kando ya njia ni nyama ao ni maiti. Mugonjwa hapana. Basi kipoyi isiguse udongo, hata kidogo, mpaka ifike ku foyer ya mbele ao mpaka mabega ingine iingie. Wazee ya mulima wakasema hiyo ni imani ya pori, wao ni Wakristo. Benoît akasema hata yeye ni Mukristo, na kipoyi isiguse udongo.

Kisha Mutesi akafundisha wanaume kutembea. Ndiyo, kutembea! Muntu mwenye kubeba maziwa saa mbili ku milima anajua kitu ambacho wengine hawajui: ukiitikisa, unafika soko na siagi. Akaweka beseni mu kipoyi, akaijaza maziwa mpaka ku mudomo, akaambia wanaume munane wapande kilima. Tone moja ikimwangika, wanarudi chini wanaanza tena. Yeye anatangulia, uso kwao, anatembea kinyumenyume, anahesabu hatua na mudomo. Wanaume walimutukana wiki tatu. "Tuko wanaume ao tuko chupa?" Tuyizere, kijana mwenye mabega sawa mulango na mudomo kubwa kuliko mabega, alisema ataenda Goma kusukuma chukudu, ile kigari ya mbao, huko hakuna mwanamuke wa kumuamuru. Hakuenda. Wiki ya ine beseni ilifika juu ikijaa, na Tuyizere njo wa kwanza kuionyesha watu, sawa vile ni yeye aliikamua.

Benoît aliporudi kwao akaambia foyer ya Buleusa. Nao wakafuma yao. Kisha foyer ingine njiani, na ingine. Kufika mwaka jana zilikuwa sita, tangu mu pori mpaka ku hopitali ya mulimani, na mugonjwa anapita mabega kwa mabega. Muntu ambaye zamani hangeweza kulala mu kijiji ya jirani yake bila kuulizwa ni wa kabila gani, akawa anapita vijiji sita akilala chali, na wanamuuliza tu kama iko na kiu. Nani aliwaletea ile? Si jeep.

Basi, mwaka jana, mu mvua ya mwezi ya kumi na moja, Benoît mwenyewe alianguka.

Alipanda muti ya ngazi, ule wa mawese, kukata kichala, kamba ikamuacha, akaanguka na mugongo. Miguu ikawa mizito, ya baridi, hasikii vizuri. Infirmier, muuguzi ya Buleusa, akasema maneno mbili tu: apelekwe ku hopitali penye munganga na machine ya picha, na asitikiswe. Mugongo ikisukwasukwa mara moja vibaya, miguu inaenda na hairudi.

Mutoto yake wa kwanza, Christian, njo alikuwa chef ya kipoyi ya Buleusa. Akachukua wanaume kumi na mbili, na mama yake, Godelieve, nyuma. Kwa sababu ni Benoît, hawakutaka kumuachia mabega ingine njiani. Walipokezana wao kwa wao, wakalala ku foyer ya katikati, asubuhi wakaendelea. Lakini mbele ya Kalembe kuko muto na kilalo, daraja ya miti, na nyuma ya kilalo kilima ya udongo mwekundu ambayo watu ya pori hawaijui. Pale njo kila mara watu ya Kalembe wanangojaka kupokea. Asubuhi Christian alipanda ku kichuguu akitafuta réseau ya simu, akapiga ku foyer. Aliyeshika simu ni Tuyizere.

Tuyizere akaingia mbio, akakuta Mutesi anapima maziwa. "Chef! Papa Benoît alianguka na mugongo, iko njiani. Christian anasema tumupokee Kalembe."

"Hapa? Si ku kilalo?"

"Kalembe. Njo alisema."

Mutesi aliona ni ajabu kidogo, lakini akafikiri Christian anataka kufikisha baba yake yeye mwenyewe, mutoto ni mutoto. Akaamuru moto iwake. Wamama wakaacha kushona. Sombe, majani ya mihogo, ikapondwa, bugali ikapikwa, mashanza, maziwa ya kuganda, ikaletwa, matelas ikawekwa. Timu ya Kalembe ikanawa miguu ikakaa ku banc. Saa tatu. Saa ine. Mvua ikaanza. Saa tano, hakuna muntu ku njia. Sombe ikakauka mu sufuria. Mutesi alikuwa anaenda ku mulango, anarudi, anaenda.

Saa tano na nusu akasimama mbele ya Tuyizere.

"Christian alisema nini? Neno kwa neno."

"Nilishakwambia, chef. Tumupokee Kalembe."

"Sema vile yeye alisema. Na sauti yake."

"Aaa, réseau ilikuwa inakatikakatika. Alisema: 'Ni mugongo. Mumupokee Kalembe Kalembe.'"

"Mara mbili?"

"Mara mbili. Nikasema ni réseau inarudilia."

Wale wenye kumujua Mutesi wakasogea pembeni. "Wewe Tuyizere. Ulisikia wapi muntu anasema jina ya kijiji mara mbili? Wewe unaendaka Goma Goma? Mama yako alikuzaa Masisi Masisi?" Na pale pale, wakati anamutukana, sikio yake ikarudi Mubambiro, chini ya ile bâche, ambapo waaskari walipita asubuhi na mangaribi na Lingala yao. Malembe, malembe. Polepole. Vijana ya Buleusa wote wamepita ku carrière ya madini, wamerudi na Lingala mu kinywa. "Malembe!" akapiga kelele. "Alisema malembe malembe! Mumupokee polepole! Wako ku kilalo! Wako ku kilalo tangu saa mbili, sisi tunapika!"

Hakuna aliyengoja sahani. Wanaume kumi wakatoka mbio mu mvua, Mutesi mbele, botte inapiga matope. Njia ile ni saa moja na nusu. Wao waliikata mu dakika makumi tano. Mu kichwa ya Mutesi kulikuwa mambo mbili, na hakujua ipi ni mbaya zaidi. Labda wamejaribu kupanda ile kilima peke yao, mutelezo, muntu mumoja ameanguka, na mugongo ya Benoît imeisha. Ao labda wamemungojea, wamechoka, wamemuweka chini, na kesho Buleusa nzima itasema watu ya mulima walimuacha muntu ya pori afe kando ya njia juu si mwanamemba wao. Na watakuwa na haki. Kisha nani atabeba nani tena?

Walipotokea juu ya muto, Mutesi akasimama.

Wanaume ya Buleusa walikuwa wamesimama karibu na kilalo, kipoyi ku mabega. Matope iliwafunika miguu mpaka juu ya vifundo. Masaa ine na zaidi, kisha mvua juu yake, wanabadilishana bega, wawili wanatoka wawili wanaingia, na kipoyi haikugusa udongo. Benoît alikuwa chini ya bâche. Mama Godelieve alishika jani ya ndizi juu ya uso yake, na hakubadilisha mukono.

Christian ndiye alisema wa kwanza, bila kugeuza shingo, kwa sababu shingo ilikuwa imekauka chini ya muti. "Watu ya maziwa! Mulikuwa munalala? Ao ng'ombe ilikataa kuwaamusha?"

Wanaume ya Kalembe wakapumua kwa pua. Tuyizere akafungua mudomo: "Sikia kaka, réseau njo iliku..."

"Nyamaza," Mutesi akamwambia. Akashuka mpaka mbele ya Christian. Alikuwa anaweza kusema mvua. Alikuwa anaweza kusema njia ilikatika, na hakuna muntu angejua. "Kosa ni yetu," akasema. "Wewe ulisema malembe, sisi tukasikia Kalembe. Tulikuwa tumekaa ku banc, sufuria ku moto, tunakungojea."

Kisha muntu mumoja wa Buleusa, nyuma kabisa, akaanza kucheka, ile kicheko ya muntu aliyechoka asiyeweza kuisimamisha, na mwenzake akamufuata. Christian hakucheka.

"Malembe, Kalembe," akasema. "Miguu ya baba yangu iko katikati ya hiyo maneno mbili. Hapana. Sikupani. Tutamufikisha sisi wenyewe."

Chini ya bâche sauti ikatoka, ndogo lakini na meno ndani. "Christian. Mupe. Huyu mwanamuke alinitukana siku tatu ya kazi, na kamba yangu haijakatika mpaka leo. Mupe."

"Hapana, Papa."

Mutesi aliangalia miti ya kipoyi. Muti ya kushoto ilikuwa inatetemeka, kidogo, sawa vile maziwa inatetemeka mu bidon wakati mikono imeisha nguvu. Kilima ya udongo mwekundu ilikuwa mbele, maji inashuka katikati ya njia. Wale wanaume hawangefika hata nusu. Kasirani ikamupanda: kwa Tuyizere, kwa Christian, kwa ule président ya ingobyi aliyekuwa ku shamba. Akaimeza. Hakuwa na wakati yake.

"Sawa," akasema. "Usinipane. Bakia palepale, mbele, ku kuume. Baba ni wako. Lakini yule nyuma yako magoti inatetemeka, na mwingine vilevile. Nitaingiza wangu mumoja mumoja, kati ya wako. Muntu wangu akiharibisha hatua moja tu, umutoe na teke, sitasema kitu."

Christian akamuangalia mara ya kwanza. Maji ilikuwa inatiririka ku kope yake. Akatazama kilima, akatazama tena Mutesi.

"Mumoja mumoja," akasema.

Wakaingia hivyo: bega ya mulima, bega ya pori, bega ya mulima. Wale waliotoka walianguka hapohapo mu majani wakikamata mabega yao. Mutesi akatangulia, akageuka uso kwao, akaanza kupanda kinyumenyume.

"Buhoro. Kushoto. Buhoro. Kuume."

"Ni nini hiyo, buhoro?" Christian akauliza.

"Ni malembe ya kwetu. Funga mudomo, utembee."

Kama haujaona kazi ile, hauwezi kujua. Watu munane wanatembea na miguu kumi na sita na hatua moja. Yule wa mbele anakunja goti, yule wa nyuma anainua mukono, ili ule aliyelala abakie sawa meza. Watu ya Buleusa walikuwa na nguvu lakini walipanda sawa watu wanaowinda, kwa kuruka. Watu ya Kalembe walikuwa na hatua ndogo, ya kuteleza. Mwanzoni kipoyi ilikuwa inacheza, na kila ikicheza Godelieve alisema "Yesu" chini chini. Mutesi hakupandisha sauti. Yeye anayepiga kelele mu mukutano, siku ile aliongea sawa muntu anayelaza mutoto. Mita makumi mbili. Mita makumi tano. Baada ya kidogo hakukuwa tena hatua mbili, kulikuwa moja.

Pahali pagumu kabisa, ambapo maji imechimba njia, Tuyizere akateleza. Goti yake ikapiga jiwe, kila muntu akasikia. Lakini bega haikushuka. Alianguka na goti moja, akasukuma muti juu na mikono mbili, mishipa imetoka ku shingo, akabakia hivyo, damu inachanganyika na matope. Kipoyi ilisimama sawa meza.

Christian akauliza bila kugeuka: "Huyo ni nani?"

"Tuyizere."

"Wewe njo wa Kalembe Kalembe?"

"Njo mimi."

"Simama basi. Malembe."

Na hata Benoît akacheka chini ya bâche, kisha akalia kwa sababu kucheka inauma.

Walipofika Kalembe, quartier nzima ilikuwa nje mu mvua. Habari ya malembe ilishatangulia. Wazee ya Ijumaa walikuwa wamekunja suruali. Wamama walikuwa na sahani ku mikono. Hopitali ilikuwa bado saa moja mbele, na mabega mapya ilikuwa imepangwa mbele ya foyer, wawili wawili, hata fundi wa kushona, hata Papa Damien mwenye miaka makumi sita aliyesema yeyote atakayemukataza amupige mbele. Buleusa wakatoka mumoja mumoja wakaenda kukaa ku banc. Christian hakutoka. Mutesi alisimama tu, mikono ku kiuno, anangoja.

Christian akaangalia nyuma, juu ya bega. Tuyizere alikuwa anafunga goti yake na kitenge ya muntu.

"Wewe," akasema. "Kuja hapa. Shika mahali yangu."

"Goti yangu iko..."

"Niliona goti yako. Shika. Mimi nikule."

Akatoa bega, Tuyizere akaingiza yake, na muti haikushuka hata kidole moja. Christian akakaa ku banc, wakamupana sombe na kikombe ya mashanza. Akainusa. "Hii maziwa iliharibika," akasema. Mama Colette akamwambia mwenye kusimama mu matope masaa ine hachagui. Akainywa yote, akafuta mudomo, akaomba ingine, kisha akakimbia nyuma ya kipoyi na bugali mu mukono.

Ku hopitali munganga alikuwa kijana, mapua nyembamba, maneno machache. Alifunua miguu ya Benoît, akatoa sindano, akachoma chini ya kidole kikubwa ya kushoto.

Benoît akatukana. Alitukana na luga ya kwao, kwa sauti ya muntu muzima, tusi moja ndefu ambayo ilimutaja munganga, sindano na masomo yote. Munganga akachoma ya kuume. Benoît akaanza tena. Mama Godelieve, ambaye tangu Buleusa hakulia, akakaa chini ku simenti, akaficha uso mu kitenge.

Picha ikaonyesha mufupa moja umepasuka, lakini sindano ilishaonyesha kamba ya ndani ya mugongo haikukatika. Munganga akaigeuza ku mwangaza mara mbili. "Walimubeba siku mbili?" akauliza. "Ku njia gani?" Wakamwambia. Akasema hata gari ingemuvunja. Akauliza ni brancard ya aina gani, ni équipe ya ONG gani. Tuyizere, aliyekuwa anashonwa goti ku kiti ya pembeni, akasema: "Ni foyer, Docteur," na alisema sawa vile wengine wanataja ministère.

Benoît alilala pale miezi tatu na nusu. Leo anatembea na fimbo, hapandi tena ngazi, lakini anafuma. Foyer ziko munane sasa. Mbili za mwisho zilikuja zenyewe kuomba kamba. Lakini ile siku hakuna aliyejua bado. Ile siku walijua tu muntu anasikia sindano.

Infirmier ya zamu akatoka na kaye, daftari kubwa. Mu couloir kulikuwa watu makumi mbili na zaidi, matope tangu kichwa, wanatonesha maji ku simenti yake safi. Akakunja uso. "Garde-malade, wa kulala na mugonjwa, ni wawili," akasema. "Wawili tu. Wengine nje. Ni nani?"

"Mama yangu," Christian akasema. Kisha akanyoosha kidole. "Na huyu."

Mutesi akageuka kuona nani iko nyuma yake. Hakukuwa muntu.

Infirmier akamuangalia, botte, kitambaa ya kichwa, sura ya mulimani. Akamuangalia Godelieve. Akaandika jina mbili, kisha kalamu ikasimama. "Hapa wanauliza lien ya famille. Huyu ni nani wa mugonjwa?"

Mutesi akaanza kurudi ku mulango, kwa wale wa nje.

"Dada yake," Christian akasema.

"Dada? Huyu?"

"Papa infirmier, uko na kalamu ao hauko nayo?" Christian akasema, na sauti ilianza kupanda. "Andika dada. D, a, d, a. Kama haujui kuandika, ku Kalembe kuko Mama moja anafundisha watu wazima."

Infirmier akaandika.